Wakala wa safari wa Mbeya na likizo ya Ugiriki: viza wanaimudu, bahari bado

Ofisi nyingi za wakala wa safari hapa Mbeya huishi kwa tiketi za Dubai na Guangzhou, kwa safari za Hija na za Yerusalemu, na kwa wafanyabiashara wa Tunduma wanaotaka kufika Johannesburg bila kupanda basi. Anayeingia na kusema kwamba anataka likizo ya visiwa vya Ugiriki na magofu ya Wayunani wa kale huwapa kazi wasiyoizoea, na ndiyo maana nimeona ni vyema kuandika tathmini ya huduma tuliyoipata mimi, mke wangu na mdogo wake katika ofisi moja ya Mwanjelwa. Jina lake silitaji, kwa kuwa ratiba nilizoonyeshwa na jamaa waliohudumiwa na ofisi nyingine, za hapa na za Iringa, zina ubora uleule na kasoro zilezile, na haitakuwa haki kumbebesha mmoja mzigo wa wote.

Upande wa viza na ndege, huduma hii inastahili fedha inayotozwa. Upande wa visiwa, yaani likizo yenyewe, mteja atalazimika kukaa mezani na kuipanga upya pamoja nao, na asipofanya hivyo atajikuta amelipia siku nyingi za kukaa melini na saa chache mno za kuyaona aliyoyafuata.

Tuanze na wanachokiweza. Ugiriki imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na Mtanzania mwenye hati ya kawaida ya kusafiria anahitaji viza kabla ya kuondoka nyumbani. Ada ya mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, nayo hairudishwi ombi likikataliwa. Inatakiwa bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000, hati ya kusafiria itakayobaki hai kwa miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka Ulaya na yenye kurasa mbili tupu, na ombi lenyewe halipokelewi mapema kuliko miezi sita kabla ya safari wala halipaswi kuchelewa hadi zikabaki chini ya siku kumi na tano. Mwombaji wa mara ya kwanza hana budi kufika mwenyewe kutoa alama za vidole, na hakuna wakala awezaye kumsaidia kuikwepa safari hiyo. Masharti haya yote yanapatikana kwa yeyote anayeyatafuta, na kama kazi ya ofisi ingekuwa kuyanakili tu, nisingeona sababu ya kuwalipa.

Kazi yao ya kweli ilionekana kwenye taarifa za benki. Dada aliyetuhudumia aliisoma taarifa ya mke wangu mstari kwa mstari, akasimama kwenye kiasi kikubwa kilichoingia kwa mkupuo. "Mwalimu, samahani, hii hela imetoka wapi?" akauliza. Mke wangu akamweleza kwamba ni malipo ya parachichi za shamba letu la Rungwe. "Basi naomba uniletee karatasi ya mnunuzi, maana kule hawataniuliza mimi, watakuuliza wewe." Karatasi ikaletwa, pamoja na barua ya mwajiri inayothibitisha likizo, hati ya shamba, na maelezo ya ukurasa mmoja yanayoonyesha nani anamlipia nani. Kwa familia za huku kwetu, ambazo fedha zake huja kwa msimu wa mavuno na si kwa mwezi, akaunti hukaa kimya kwa muda mrefu kisha ikajaa kwa siku moja, na mtu wa ubalozini asiyejua msimu wa parachichi anaweza kudhani kwamba fedha hiyo imeazimwa ili kumpendezesha. Dada huyo alilijua hilo na akaliwekea ushahidi kabla halijaulizwa. Kwa sehemu hii pekee ningewalipa tena.

Jambo moja katika hatua hiyohiyo halikunipendeza. Ofisi ilitaka tulipie tiketi za ndege kikamilifu kabla viza haijatoka, kwa maelezo kwamba ubalozi unazihitaji, wakati kinachotakiwa ni uthibitisho wa nafasi zilizoshikwa, na waombaji hushauriwa wasinunue tiketi isiyorudishika mpaka wapate jibu. Tulipokataa, nafasi zilishikwa bila malipo na hakuna kilichoharibika, jambo linaloonyesha kwamba hilo lingewezekana tangu mwanzo. Vilevile ada ya huduma yao wenyewe ilitajwa kwa dola, ingawa kanuni za mwaka 2025 zinakataza bei za huduma za hapa nchini kutajwa kwa fedha za kigeni. Ilipobadilishwa kuwa shilingi ilishuka kidogo, na sikuomba maelezo.

Kuhusu ndege sina mengi ya kusema. Kutoka Dar es Salaam unaweza kufika Athens kwa kubadilisha ndege Istanbul, Doha au Addis Ababa, na tofauti iliyopo ni ya bei na ya muda wa kusubiri katikati. Wanachostahili kusifiwa ni msimamo wao kuhusu Mbeya na Dar: hawamruhusu mteja atoke huku siku ileile ya ndege ya kimataifa, awe amepanda ndege kutoka Songwe au basi, kwa sababu barabara ina zaidi ya kilomita 800, mlima Kitonga hufungwa na lori moja lililoharibika, na ndege ya ndani ikichelewa hakuna atakayekurudishia safari ya nje. Walitutafutia chumba cha usiku mmoja Dar bila kutuuliza, na hapo walikuwa sahihi.

Sasa nifike kwenye ratiba ya visiwa, ambako ndiko huduma ilikopwaya. Rasimu ya kwanza ilikuwa na Athens, Mykonos, Santorini, Patmo, Krete na Rhodes, zote zikifuatana katika likizo moja ya mwalimu, kila kisiwa kikiwa na usiku mmoja au miwili. Kwenye karatasi ilipendeza. Aliyeiandika alikuwa ametazama ramani na kuona kwamba visiwa hivyo vyote vimo katika bahari ya Aegean, akahitimisha kwamba mtu anaweza kuruka kutoka kimoja hadi kingine. Meli za Ugiriki haziendi hivyo. Nyingi hutoka Piraeus, bandari ya Athens, na kufuata njia zake: iko njia ya visiwa vya Cyclades, ambamo mna Naxos, Paros, Mykonos na Santorini, na iko njia ya Dodecanese, ambamo mna Patmo, Kos na Rhodes, huku Krete ikiwa na njia yake kusini kabisa. Ndani ya njia moja meli ni nyingi na safari ni fupi. Kuvuka kutoka njia moja kwenda nyingine ni safari ya kusubiri, mara nyingi ya kupanda meli ya usiku wa manane, na wakati mwingine ni lazima urudi Piraeus uanze upya.

Nilipomweleza dada huyo jambo hili hakubisha, ila aliishikilia Mykonos. "Mwalimu, wateja wote wanaitaka Mykonos, na picha ndiyo inayouza." Sina ugomvi na Mykonos, lakini ni kisiwa cha bei kali na cha starehe za usiku, na kwa mtu aliyefuata magofu faida yake kubwa ni ukaribu wake na Delos, kisiwa cha magofu ambacho kinafikika kwa boti kutoka hapo kwa muda wa nusu saa hivi. Delos hiyohiyo ina boti za kwenda na kurudi siku moja kutoka Naxos na Paros katika msimu wa kiangazi. Tukaifuta Mykonos, tukaifuta Krete, tukaziweka kando Patmo na Rhodes, na kilichobaki ni Athens, Naxos pamoja na siku ya Delos, Santorini, kisha Athens tena. Kazi ya kuandika upya ilichukua mchana mmoja mezani kwao, na kwa haki niseme kwamba walikubali kuandika upya bila kuongeza ada.

Naxos ndicho kisiwa ambacho wakala wetu hakuwa amekifikiria kabisa, nacho ndicho ninachowashauri watu wa nyanda za juu wakipe siku nyingi. Kutoka Piraeus ni muda wa saa tano hivi kwa meli kubwa ya kawaida, na kabla hujashuka unaiona Portara, mlango mkubwa wa marumaru wenye urefu wa karibu mita 6, umesimama peke yake kwenye kijisiwa cha Palatia mbele ya bandari. Ni mlango wa hekalu la mungu Apollo ambalo mtawala wa mabavu Lygdamis alianza kulijenga yapata mwaka 530 KK na halikukamilika. Hakuna tiketi ya kuingia. Watu huenda jioni kutazama jua likizama, nao ni wengi mno. Sisi tuliufurahia zaidi asubuhi, wakati ambapo mtu anaweza kuyatazama mawe yenyewe na kujiuliza yalivyoinuliwa.

Naxos ina kitu kingine kinachokifanya kisiwa hicho kieleweke haraka kwa mtu wa Umalila au Isyonje: ni kisiwa cha wakulima. Mlima wake, Zas, una mita 1,004 na ni mrefu kuliko yote ya Cyclades, mabonde yake yana maji, na viazi vyake vina sifa kiasi kwamba jina la viazi vya Naxos linalindwa kisheria na Umoja wa Ulaya tangu 2011. Shemeji yangu, ambaye ni mkulima wa viazi, aliagiza chipsi katika kila mgahawa kwa nia ya kutafuta kasoro, na hukumu yake ilikuwa kwamba viazi ni vizuri lakini bei ni ya kuonea watu. Bondeni karibu na kijiji cha Sangri lipo hekalu la Demeter, mungu wa nafaka, lililojengwa kwa marumaru katika karne ya sita KK na kusimamishwa upya kwa vipande vyake vya asili. Limezungukwa na mashamba hadi leo. Kaskazini, huko Apollonas, imelala sanamu ya mtu yenye urefu wa zaidi ya mita 10, iliyochongwa nusu kwenye machimbo na kuachwa hapohapo. Kuvifikia vyote viwili kunahitaji basi la kisiwani au gari la kukodi, na hili ratiba ya ofisi haikulisema popote.

Delos inahitaji maelezo zaidi, maana ndiyo iliyotufanya tuone kwamba safari ilikuwa na thamani yake. Ni kisiwa kidogo kikavu kisichoruhusiwa kulala mgeni, na kimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1990. Wayunani waliamini kwamba mungu Apollo na pacha wake Artemis walizaliwa hapo. Mwaka 426 KK Waathene walikitakasa kisiwa kizima, wakayafukua makaburi yote na kuyahamishia kisiwa jirani cha Rheneia, wakapiga marufuku mtu yeyote kuzaliwa au kufa Delos. Baadaye Warumi waliifanya bandari isiyotozwa ushuru, na biashara iliyoitajirisha zaidi ilikuwa ya watumwa. Mwanajiografia wa kale Strabo aliandika kwamba iliweza kupokea na kupeleka watumwa elfu kumi kwa siku moja. Yeyote kati yetu aliyewahi kutembea Bagamoyo au Kilwa Kivinje ataipita soko hilo la Delos polepole. Mji uliporwa mwaka 88 KK, ukaporwa tena na maharamia mwaka 69 KK, na haukurudia hali yake.

Kinachobaki ni mitaa kamili: nyumba zenye sakafu za vijiwe vya rangi, visima, jumba la maonyesho, maduka. Simba wa marumaru waliotolewa na watu wa Naxos katika karne ya saba KK wamehifadhiwa ndani ya jumba la makumbusho, na wale wanaoonekana nje ni nakala. Ziwa takatifu lililokuwa mbele yao lilikaushwa katika miaka ya 1920 kwa sababu ya mbu na malaria, na mahali pake pamesimama mtende mmoja tu. Kivuli hakuna. Boti hukupa muda wa saa chache, na kwa hiyo mteja anapaswa kuambiwa mapema abebe maji, kofia na viatu vya kufunga. Wakala wetu aliandika "ziara ya visiwa, nguo za kuogelea," na hilo linaonyesha kwamba hajawahi kuulizwa na mteja aliyerudi.

Meli kutoka Naxos hadi Santorini huchukua muda wa saa mbili hivi, na inapoingia katikati ya majabali mtu wa Mbeya hahitaji kuelezwa kilichotokea. Ngozi, lile ziwa letu la Uporoto, ni shimo la volkeno lililojaa maji ya mvua; Santorini ni shimo la volkeno lililojaa bahari, na nyumba nyeupe zimejengwa kwenye ukingo wake. Mlipuko mkubwa wa takriban mwaka 1600 KK ulifunika kwa majivu mji wa Akrotiri, ambao mwanaakiolojia Spyridon Marinatos alianza kuufukua mwaka 1967. Nyumba za ghorofa mbili na tatu bado zimesimama, mifereji ya maji machafu inaonekana chini ya barabara, na mitungi imepangwa ilivyoachwa. Miili ya watu haikupatikana, jambo linaloonyesha kwamba wenyeji walipata onyo na kuondoka. Mapema mwaka 2025 mitetemeko mfululizo iliwafanya maelfu ya wakazi wa leo nao wakimbie kwa muda, kisha wakarudi. Akrotiri imefunikwa kwa paa, kwa hiyo ni gofu linalofaa kutembelewa mchana wa jua kali, na hata hilo ratiba ililigeuza: iliweka Akrotiri alfajiri, na saa za joto ikaziacha kwa kupanda ngazi za Fira, mji mkuu wa kisiwa.

Mbali na Akrotiri, Santorini imenunuliwa na picha zake. Katika siku ambazo meli za watalii zimetia nanga, mitaa ya kijiji cha Oia haipitiki, na tangu Julai 2025 serikali ya Ugiriki inawatoza abiria wa meli hizo euro 20 kila mmoja wanaposhuka Santorini au Mykonos wakati wa msimu wa juu. Usiku mmoja au miwili unatosha. Ofisi ilikuwa imeweka zaidi, na hoteli iliyopendekeza ilikuwa ghali kuliko kila kitu kingine katika bajeti. Tulihamia kijiji cha Perissa, upande wa pili wa kisiwa, kwenye ufuko wa mchanga mweusi, na gharama ya malazi ikapungua sana.

Athens ilipangwa vizuri isipokuwa saa. Tiketi ya Akropoli, lile jabali la mahekalu ya kale katikati ya mji, ni euro 30 tangu Aprili 2025, ile tiketi ya pamoja ya magofu mengi ya mjini ikafutwa, na kila mgeni hununua saa yake ya kuingia kwa sababu idadi ya wageni imewekewa kikomo cha 20,000 kwa siku. Ofisi ilitununulia saa saba mchana. Mwezi Juni jua la Athens halina huruma, na mtu aliyezoea baridi ya Mbeya, tena kwa wakati ambao nyumbani watu wamevaa makoti, hawezi kulistahimili juu ya jabali lisilo na mti. Wakati wa joto kali, kama ilivyokuwa Juni 2024, wenyewe huifunga Akropoli saa za mchana. Tuliomba saa mbili asubuhi, lango linapofunguliwa, tukapata.

Parthenon, hekalu kuu la Akropoli, ilijengwa kati ya mwaka 447 na 432 KK, na haikubomolewa na uzee: mwaka 1687 Waosmani, yaani Waturuki waliotawala huko wakati huo, walikuwa wamehifadhi baruti ndani yake, na kombora la Wavenisi likailipua. Sehemu kubwa ya sanamu zilizosalia ilichukuliwa na balozi Mwingereza, Lord Elgin, kuanzia 1801 na kuuzwa kwa serikali ya Uingereza mwaka 1816. Jumba la makumbusho la Akropoli, lililofunguliwa 2009, limezipanga zilizobaki katika mzunguko uleule wa hekalu, na palipo na pengo pamewekwa nakala nyeupe za plasta ili kila mgeni aone zilizo London. Mke wangu, ambaye ni mzaliwa wa Kalenga, alikaa muda mrefu katika ukumbi huo. Fuvu la Chifu Mkwawa lilitajwa katika mkataba wa Versailles wa 1919 na halikurudi Kalenga mpaka 1954, hivyo suala la kitu kilichochukuliwa na kuwekwa kwenye kabati la makumbusho ya mbali halikuwa geni kwake. Ratiba ilikuwa imelipa jumba hilo muda mfupi kabla ya chakula cha mchana, na ningeshauri lipewe mchana mzima, tena lina kiyoyozi.

Kando ya Akropoli lipo jabali la Areopago, ambapo kwa mujibu wa Matendo ya Mitume Paulo alisimama mbele ya Waathene. Halina kiingilio. Mawe yake yamelainishwa na miguu na yanateleza, kwa hiyo wazee watumie ngazi za chuma.

Kasoro kubwa kuliko zote ilikuwa mwisho wa ratiba. Tulipangiwa kuondoka Santorini asubuhi kwa boti ya kasi na kupanda ndege ya kurudi nyumbani kutoka Athens jioni ya siku hiyohiyo. Katika Aegean upo upepo wa kaskazini uitwao meltemi, ambao huvuma kwa nguvu zaidi Julai na Agosti na huweza kuanza Juni. Ukizidi kiwango walinzi wa pwani huzuia vyombo kutoka, na boti za kasi ndizo huzuiwa kwanza. Ofisi iliyokataa katakata mteja apite Kitonga siku ya ndege ilikuwa tayari kumpitisha baharini siku ya ndege. Usiku wa mwisho ulale Athens. Hilo si la kujadili. Na meli kubwa, ingawa ni ya polepole, ni nafuu, haiyumbi sana, na mtu hukaa nje akaona visiwa vinavyopita.

Katika gharama ndogondogo wakala alikuwa mzembe zaidi. Tulilipishwa gari binafsi kutoka uwanja wa ndege wa Athens hadi Piraeus, ilhali tangu Oktoba 2022 treni ya chini ya ardhi inatoka uwanjani hadi bandarini moja kwa moja kwa muda wa saa moja hivi. Ada ya kila usiku ambayo hoteli hutoza kwa niaba ya serikali, na ambayo kwa hoteli ya nyota tatu ni euro 5 kwa chumba kuanzia Aprili hadi Oktoba, haikutajwa, ikabidi tuilipe mapokezi kila tulipofika. Kiasi chenyewe si cha kutisha, lakini anayelipa ofisi ili impangie bajeti ana haki ya kuambiwa. Tuliporudi niliwaandikia juu ya gari hilo, nao wakanirudishia tofauti kwa simu pamoja na salamu za heshima, nami nimewahesabia hilo.

Kwa walimu na wazazi wanaofungwa na kalenda ya shule, ofisi hizi huuza pia likizo ya Desemba kwa bei inayovutia. Isikubaliwe kwa visiwa. Desemba Delos imefungwa, boti za siku moja hazitembei, meli hupungua na migahawa mingi ya Santorini hufunga milango. Inafaa kwa Athens, Korintho na Delphi tu, na mtu aende akijua hivyo. Juni mwanzoni ni bora, na anayeweza kupata ruhusa Septemba atakuta bahari ina joto zaidi na watu wamepungua. Katikati ya Agosti iepukwe, kwa kuwa tarehe 15 ni sikukuu kubwa ya Bikira Maria huko na meli hujaa Wagiriki wenyewe wanaorudi vijijini mwao.

Hivi sasa ofisi hiyo inaandikisha kwaya na vikundi vya makanisa kwa safari ya Patmo na Korintho, na tangazo lake limeichanganya Patmo na Santorini katika wiki moja. Viongozi wa vikundi wakatae mchanganyiko huo kabla ya kulipa malipo ya awali. Korintho iko kilomita 80 hivi kutoka Athens na inatosha siku moja kwa basi, pamoja na nguzo saba za hekalu la Apollo na jukwaa ambalo huonyeshwa kuwa ndipo Paulo alipofikishwa mbele ya Galio, liwali wa Kirumi. Patmo haina uwanja wa ndege. Inafikiwa kwa meli ndefu kutoka Piraeus, na pango la Ufunuo na monasteri iliyo juu yake zinahitaji siku nzima ya kutembea kwa utulivu. Kikundi kikishafika huko, njia iliyonyooka ni kuendelea na Dodecanese, yaani Kos, palipo na magofu ya hospitali ya kale ya Asklepios, mungu wa tiba, kisha Rhodes na ngome ya Lindos, na kurudi Athens kwa ndege kutoka Rhodes. Ratiba hiyo waitake kwa maandishi, ikiwa na majina ya bandari na siku za meli, na usiku wa mwisho uandikwe Athens.